Ulinganishaji wa Picha kwa Kompyuta: Vyombo Huria na Suala la Kigezo

Kulinganisha vitu viwili vinavyofanana, na kuonyesha mahali vinapoachana, ni kazi ya kale kuliko mtambo wowote. Msahihishaji katika kiwanda cha chapa huuweka mswada upande mmoja na karatasi iliyopigwa chapa upande wa pili, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Mhariri wa tenzi za kale huzikunjua hati mbili za utenzi mmoja, zilizonakiliwa kwa mikono tofauti, akaandika kila mahali ambapo nukta imehama au neno limebadilika. Kazi hii yataka jicho kali na subira nyingi. Na kwa kuwa jicho huchoka na subira ina mwisho wake, watu wamejaribu tangu zamani kubuni vyombo vya kuisaidia. Siku hizi kazi hiyo hufanywa pia na programu za kompyuta, na nyingi katika hizo ni programu huria, yaani msimbo wake umewekwa wazi ili kila mtu ausome, autumie, aubadilishe na kuwagawia wengine kwa masharti ya leseni yake. Makala haya yaeleza jinsi programu hizo zinavyofanya kazi, zinapofaulu na zinaposhindwa, na kwa nini jambo hili, lionekanalo kuwa la mafundi peke yao, lawahusu pia wale wanaoshughulika na lugha ya Kiswahili.

Vyombo vya kwanza

Kabla ya kompyuta palikuwa na vyombo vya vioo na taa. Tarehe 18 Februari 1930, katika kituo cha kutazamia nyota cha Lowell, mjini Flagstaff, Arizona, nchini Marekani, Clyde Tombaugh aliigundua Pluto kwa kulinganisha picha mbili za sehemu moja ya mbingu, moja iliyopigwa tarehe 23 Januari na nyingine tarehe 29 Januari ya mwaka huohuo. Alitumia chombo kilichomwonyesha picha hizo kwa kupokezana upesi, hii kisha ile. Nyota zote zilikaa mahali pake. Doa moja dogo liliruka. Mwaka 2006 Pluto iliondolewa katika hesabu ya sayari kubwa, lakini njia iliyoifichua haikupungua thamani.

Mfano wa pili ni wa wanafasihi. Charlton Hinman, mtaalamu wa Kimarekani wa vitabu vya kale, alibuni katika miaka ya 1940 mtambo wa vioo na taa, akautumia katika maktaba ya Folger mjini Washington kulinganisha nakala za mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare uliochapwa mwaka 1623. Nakala za mkusanyo huo hazikuwa sawasawa, kwa sababu wachapaji wa zama hizo walisahihisha kurasa huku kazi ya kupiga chapa ikiendelea, na karatasi zilizokwisha kupigwa hazikutupwa. Katika mtambo wa Hinman ukurasa wa nakala moja na ukurasa uleule wa nakala nyingine ulionekana kana kwamba umelazwa juu yake. Taa zilipowaka na kuzimika kwa zamu, sehemu zilizolingana zilitulia, na herufi iliyobadilika ikacheza machoni. Matokeo ya uchunguzi huo yalitolewa katika kitabu mwaka 1963.

Katika mifano hii miwili liko jambo moja la kushika tangu mwanzo. Chombo cha Tombaugh hakikujua sayari ni nini, wala mtambo wa Hinman haukujua kusoma Kiingereza. Vyote viwili vilionyesha *mahali* penye tofauti tu. Kusema tofauti hiyo ina maana gani, kama ni sayari au ni vumbi juu ya kioo, kama ni sahihisho la mchapaji au ni doa la wino, kulibaki kuwa kazi ya mtu mwenye maarifa. Kompyuta imeongeza kasi ya kazi hii mara nyingi mno, lakini mgawanyo huo wa kazi haikuuondoa.

Picha mbele ya kompyuta

Kwa kompyuta, picha ni jedwali la hesabu. Imegawanyika katika viraba vidogo viitwavyo pikseli, na kila pikseli hutajwa kwa hesabu tatu, moja ya wekundu, moja ya ukijani na moja ya ubuluu, kila moja ikianzia 0 hadi 255. Skrini yenye upana wa pikseli 1,920 na kimo cha pikseli 1,080 ina pikseli 2,073,600. Kulinganisha picha mbili zenye vipimo hivyo ni kuichukua kila pikseli ya picha ya kwanza na kuitoa katika pikseli iliyo mahali palepale katika picha ya pili. Ikibaki sifuri kila mahali, picha ni moja.

Njia hiyo ni nyepesi, na kwa sababu ya wepesi wake ina udhaifu mkubwa. Pikseli yenye weusi wa daraja la 118 na nyingine ya daraja la 119 ni tofauti kwa hesabu, wala hapana jicho la mwanadamu liwezalo kuzitenga. Vilevile herufi moja, ikiandikwa na kompyuta mbili zenye mfumo tofauti, hutokea na kingo zisizolingana kabisa. Maana programu huzilainisha kingo za herufi kwa kuzitilia pikseli za kijivu ili zisionekane kama ngazi, na kila mfumo hulainisha kwa desturi yake. Kwa hesabu tupu kurasa hizo mbili zatofautiana katika maelfu ya pikseli. Kwa msomaji ni ukurasa mmoja.

Wenye elimu ya lugha watalitambua suala hili mara moja, kwa kuwa ndilo suala la kwanza la elimu ya fonolojia. Hapana mtu atamkaye sauti moja mara mbili kwa namna ileile kabisa. Vyombo vya maabara huonyesha tofauti kila mara. Hata hivyo msikilizaji hupuuza tofauti nyingi na kuzishika chache, zile zinazotenga neno na neno. Swali si kama sauti mbili zatofautiana, bali ni kama tofauti hiyo yabeba maana. Mafundi wa picha wamelikuta swali hilohilo katika njia yao, na vyombo vyao vyote ni majaribio ya kulijibu.

Namna za kupima tofauti

Namna ya kwanza ni kuhesabu pikseli zilizobadilika. Namna ya pili ni kupima ukubwa wa tofauti kwa wastani: tofauti ya kila pikseli huzidishwa kwa yenyewe, wastani wa jumla hutafutwa, kisha kipeo cha pili cha wastani huo hutolewa. Hesabu hii ni ya manufaa, lakini huficha mambo. Ichukuliwe picha ndogo yenye pikseli nne. Ikiwa tatu hazikubadilika na ya nne imebadilika kwa 20, wastani ni 400 kugawanywa kwa 4, yaani 100, na kipeo chake ni 10. Ikiwa zote nne zimebadilika kwa 10, jibu ni 10 vilevile. Hali ya kwanza yaweza kuwa ni nukta iliyofutika. Hali ya pili ni picha nzima iliyopauka kidogo. Kipimo kimetoa jibu moja kwa mambo mawili yaliyo mbali kabisa.

Kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta vipimo vilivyo karibu zaidi na jicho. Mwaka 2004 Wang, Bovik, Sheikh na Simoncelli walieleza kipimo kijulikanacho kwa kifupi SSIM, ambacho hakitazami pikseli moja moja bali hutazama vijisehemu vya picha, na katika kila kijisehemu hulinganisha mambo matatu: mwanga, ukali wa tofauti kati ya penye mwanga na penye giza, na umbo. Picha mbili zilizo sawasawa hupata 1. Picha iliyopauka kidogo mahali pote hupata hesabu iliyo karibu na 1, kwa kuwa umbo lake halikuguswa; iliyovurugika umbo hushuka zaidi.

Wengine walizirekebisha rangi zenyewe. Jicho la mwanadamu huuona ukijani kuwa una mwanga mwingi kuliko ubuluu. Kwa hiyo katika kutafuta mwanga wa pikseli, wekundu huzidishwa kwa 0.299, ukijani kwa 0.587 na ubuluu kwa 0.114. Kwa hesabu hiyo kijani kitupu chenye nguvu zote hupata mwanga wa kadiri ya 150, na buluu tupu yenye nguvu zilezile hupata 29 tu. Mizani hii ilitoka katika ufundi wa televisheni ya rangi, na leo imo ndani ya programu za kulinganisha kurasa.

Programu huria zilizopo

Kongwe katika programu zinazotumiwa sana ni ImageMagick, iliyotungwa na John Cristy alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya DuPont, ikatolewa kwa watu wote mwaka 1990. Humo mna amri iitwayo *compare*, ambayo hupewa picha mbili ikatoa picha ya tatu yenye alama mahali palipobadilika, pamoja na hesabu ya kipimo atakachochagua mtumiaji. Aweza pia kuitajia kiasi cha kuvumilia, ili rangi zilizokaribiana zihesabiwe kuwa moja. Amri hiyo hutoa jibu ambalo programu nyingine yaweza kulisoma: 0 ikiwa picha zafanana, 1 ikiwa zatofautiana, 2 ikiwa kazi yenyewe imeshindikana. Jibu hilo dogo ndilo liwezeshalo ukaguzi kuendelea bila ya mtu kukaa mbele ya skrini.

Kampuni ya Mapbox ilitoa pixelmatch mwaka 2015. Ni programu ndogo mno, ya mistari michache ya msimbo, nayo hutumia mizani ya rangi iliyoelezwa hapo juu. Ubora wake hasa ni kwamba huzichungua pikseli zilizobadilika na kuuliza kama ni za kingo zilizolainishwa. Zikiwa hivyo huzitia rangi ya manjano na kutozihesabu, na zilizobadilika kwa kweli huzitia rangi nyekundu. Kwa lugha ya fonolojia, hujaribu kuitenga tofauti isiyobeba maana na ile inayobeba. Programu hii imo pia ndani ya Playwright, chombo cha Microsoft cha kujaribia kurasa ndani ya vivinjari, kilichotoka mwaka 2020.

Ziko pia programu zinazosimamia kazi nzima tangu mwanzo hadi mwisho. BackstopJS hufungua kurasa katika kivinjari, huzipiga picha kwa upana mbalimbali, wa simu na wa kompyuta, huzilinganisha na picha za awali, na kumwonyesha mkaguzi picha tatu pamoja: ya kale, ya sasa, na ya tofauti. Programu yake ya kulinganisha ni Resemble.js. Kabla yake palikuwa na Wraith, iliyotolewa na mafundi wa BBC News, na PhantomCSS ya kampuni ya Huddle. Hizi zilitegemea hasa kivinjari kisicho na dirisha kilichoitwa PhantomJS, ambacho maendeleo yake yalisimamishwa mwaka 2018. Hapa pana funzo: chombo huria chaweza kuachwa na waliokitunga. Lakini tofauti yake na chombo kilichofungwa ni kwamba msimbo hubaki, na mwenye haja na ustadi aweza kuuchukua mahali ulipoachwa.

Shirika la Wikimedia, ambalo huendesha kamusi elezo ya Wikipedia katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, lilikuwa na shida ya namna yake. Mstari mmoja ukiongezwa juu ya ukurasa mrefu, yote yaliyo chini yake husogea, na mlinganisho wa pikseli kwa pikseli husema kwamba ukurasa mzima umeharibika. Mafundi wake walitunga programu iitwayo UprightDiff, ambayo hutambua maandishi yaliyosogea juu au chini bila ya kubadilika, na kuyatenga na yaliyobadilika kwa kweli. Ulinganishaji wa picha ulitumika katika maandalizi ya badiliko kubwa lililokamilika mwaka 2018, programu ya kale iitwayo Tidy ilipoondolewa na nyingine kushika mahali pake katika kutengeneza kurasa za kamusi hiyo.

Mwendo wa ukaguzi

Mafundi wa programu huogopa hasa kosa la namna moja: kitu kilichokuwa kizima jana kuharibika leo kwa sababu ya badiliko lililofanywa mahali pengine. Mtu hubadilisha ukubwa wa herufi katika ukurasa wa kwanza, na kitufe katika ukurasa wa thelathini kikafunikwa. Majaribio ya kawaida hayalioni kosa hilo, kwa kuwa kitufe bado kipo na bado hufanya kazi; ila msomaji hakioni. Upimaji wa sura hufanywa ili kulinasa kosa hili.

Mwendo wake ni huu. Kwanza kurasa hupigwa picha zikiwa katika hali inayosadikiwa kuwa njema, na picha hizo huwekwa akiba. Hizi ndizo picha za kigezo. Kila mara msimbo unapobadilishwa, kurasa hupigwa picha upya na kulinganishwa na kigezo. Tofauti ikizidi kizingiti kilichowekwa, kazi husimamishwa na mtu huitwa atazame. Akiona ni kosa, msimbo hurekebishwa. Akiona ni badiliko lililokusudiwa, huidhinisha, na picha mpya hushika mahali pa kigezo cha zamani.

Ili mlinganisho uwe wa haki, kila kisichohusika lazima kitulizwe. Kivinjari kiwe kilekile na toleo lilelile. Fonti ziwe zilezile. Tarehe na saa zifunikwe au zigandishwe. Picha zinazocheza zisimamishwe. Playwright huandika jina la kivinjari na la mfumo wa kompyuta katika jina la picha ya kigezo, kwa sababu picha iliyopigwa katika mfumo mmoja haifai kuhukumia nyingine. Mafundi wengi huendesha ukaguzi ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyofungwa ambayo ni mamoja katika kila kompyuta.

Iko njia nyingine, nayo ni ya werevu. Mafundi wa Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, hawakutegemea picha za akiba peke yake. Waliandika kurasa mbili mbili. Ukurasa wa kwanza hutumia uwezo unaojaribiwa, na wa pili hupata sura ileile kwa njia nyingine iliyo nyepesi. Kivinjari hicho kimoja huzichora zote mbili, na picha zake lazima zilingane. Katika majaribio mengine hutakiwa zisilingane. Njia hii imeenea katika majaribio ya pamoja ya vivinjari vyote. Faida yake ni kwamba fonti au mfumo ukibadilika, kurasa zote mbili hubadilika pamoja, na mlinganisho hauvurugiki.

Kiswahili mbele ya kizingiti

Hapa ndipo suala linapowagusa watumiaji wa Kiswahili. Vizingiti vya programu hizi havikushuka kutoka mbinguni. Viliwekwa na watu, na watu hao waliwaza kurasa walizozizoea. Katika mfano wa maagizo wanaopewa watumiaji wa BackstopJS, kizingiti ni asilimia 0.1 ya pikseli. Katika picha ya pikseli milioni moja, asilimia hiyo ni pikseli 1,000. Ritifaa, ile alama ndogo katika *ng'*, katika maandishi ya ukubwa wa kawaida huchukua pikseli chache tu. Fonti mpya ikiwa na kasoro na ritifaa ikapotea, neno *ng'oa*, kutoa kitu kwa kukivuta, huwa *ngoa*, yaani wivu au tamaa. Na ukaguzi hupita salama, kwa maana pikseli chache ni chini mno ya elfu moja. Wakati huohuo tangazo lililosogea kidogo upande wa kulia litaisimamisha kazi yote.

Katika hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hatari ni kubwa zaidi. Herufi za be, te, nuni na ye, zinapokuwa mwanzoni au katikati ya neno, zina umbo moja la msingi. Hutengwa kwa nukta peke yake, idadi yake na kama ziko juu au chini. Nukta moja ikifutika, au ikihama, herufi imekuwa nyingine. Maktaba itakayozitia hati hizo katika mtandao, kisha ikaridhika na kipimo cha wastani kwa ukurasa mzima, imeridhika na kipimo kisichoweza kuona kile hasa kinachoibeba maana.

Tena liko suala la urefu wa maneno. Muundo wa kitenzi cha Kiswahili hukusanya katika neno moja yale ambayo lugha nyingine huyasema kwa maneno manne au matano. Neno kama *hatutawasahihishia* lina herufi 18, na kivinjari kisichojua kanuni za kuvunja silabi za Kiswahili hakiwezi kulikata mwishoni mwa mstari. Kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza hukata mkia wa neno la Kiswahili, au neno humwagika nje ya mpaka wake. Ukaguzi uliofanywa kwa kurasa za Kiingereza tu hautaliona jambo hilo kamwe, si kwa sababu chombo ni dhaifu, bali kwa sababu hakuna aliyekipa ukurasa wa Kiswahili wa kutazama.

Nani aweka kigezo?

Lakini hata kizingiti kikiwa sawa, na kurasa za Kiswahili zikiwamo, lingali liko swali lililo zito kuliko yote. Chombo hulinganisha picha ya leo na picha ya kigezo. Kigezo chenyewe hulinganishwa na nini? Hakilinganishwi na kitu. Ikiwa siku ya kwanza ukurasa ulikuwa na neno lililokatwa mkia, picha hiyo ndiyo iliyowekwa akiba, na tangu siku hiyo kosa limekuwa sheria. Atakayelisahihisha ndiye atakayeonekana mharibifu. Mashine itamwekea alama nyekundu. Na ikiwa mtu mwenye mamlaka ya kuidhinisha hasomi Kiswahili, atatazama kama mistari imenyooka na rangi zimekaa vema, kisha ataidhinisha. Waswahili husema asiyejua maana haambiwi maana. Na mashine ndiye asiyejua maana wa kwanza.

Wanafunzi wa historia ya Kiswahili hawatalishangaa jambo hili. Mwaka 1928 katika mkutano wa Mombasa iliamuliwa kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha maandishi katika Afrika ya Mashariki, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ilisimamia tahajia na vitabu kwa kigezo hicho. Faida zake ni nyingi na zajulikana: shule za nchi mbalimbali zilisoma vitabu vilevile. Lakini kigezo kilichagua pia tofauti zipi zihesabiwe na zipi zipuuzwe. Msemaji wa Kimvita hutenga kwa pumzi *paa* la nyumba na *paa* mnyama wa mwituni. Tahajia sanifu huyaandika maneno hayo mawili kwa namna moja. Kwa mwenye kigezo hapakuwa na tofauti ya kuandika. Kwa Mmvita ilikuwapo, na ingali ipo. Kizingiti, iwe ni cha pikseli au cha herufi, ni uamuzi wa mtu kuhusu tofauti ya nani itasikilizwa.

Hii si hoja ya kukataa vigezo. Bila ya kigezo hapana mlinganisho, na bila ya mlinganisho makosa huingia kimya kimya. Hoja ni kwamba kigezo kitambulike kuwa ni mapatano ya watu, chenye tarehe na mwenyewe, kiwezacho kuulizwa na kurekebishwa. Na hapa ndipo uhuria wa vyombo hivi unapokuwa na uzito kuliko bei yake. Katika chombo kilichofungwa, kizingiti na kanuni za kupuuza huweza kuwa siri ya kampuni. Mtumiaji huambiwa tu kwamba ukurasa umepita. Katika chombo huria, kanuni iliyoipuuza ritifaa yaweza kusomwa, mstari wake ukaonyeshwa kwa kidole, na sahihisho likapelekwa kwa wenye kukitunza.

Yanayoweza kufanywa

Kutokana na hayo yako mambo ambayo idara, maktaba au gazeti lenye kurasa za Kiswahili laweza kuyafanya bila ya gharama kubwa. La kwanza ni kutopima ukurasa mzima kwa hesabu moja. BackstopJS na Playwright huruhusu kupiga picha sehemu ya ukurasa: kichwa, kitufe, aya. Katika sehemu ndogo yenye pikseli 4,000, asilimia 0.1 ni pikseli 4, na ritifaa iliyopotea haipiti tena bila ya kuonekana.

La pili ni kuandaa ukurasa wa mtihani wa Kiswahili wenyewe, ulio na *ng'* na *ng* kwa jozi, vitenzi virefu, na, kwa wanaohifadhi hati za kale, herufi za Kiarabu zilizopangwa kwa jozi zinazotengwa kwa nukta. Wanafonolojia wamezoea kukusanya jozi za namna hii. Ustadi wao ndio unaohitajika hapa. Kila fonti mpya ipitishwe kwanza katika ukurasa huo. Kwa kazi ya fonti chombo huria kipo pia: diffenator2, kinachotumiwa na mafundi wa Google Fonts, hulinganisha toleo la kale na toleo jipya la fonti na kuonyesha herufi zilizobadilika.

La tatu ni kwamba picha ya kigezo isiwekwe kabla ya kusomwa, neno kwa neno, na mtu ajuaye Kiswahili, na kila idhini ya baadaye iwe na jina la aliyeitoa. Msahihishaji wa chapa hakuruhusu ukurasa upigwe chapa kabla ya kutia sahihi yake. Desturi hiyo haina sababu ya kufa kwa kuwa karatasi imegeuka kuwa skrini.

La nne ni kukumbuka mipaka. Upimaji wa sura hauoni kisichoonekana. Maelezo ya picha yanayosomwa kwa sauti kwa ajili ya vipofu, mpangilio wa kurasa unaofuatwa na chombo cha kusomea, usahihi wa tafsiri, yote hayo yako nje ya uwezo wake na yataka ukaguzi mwingine. Ukurasa waweza kulingana na kigezo kwa kila pikseli na ukawa umeandikwa uongo.

Kwa ufupi, vyombo huria vya kulinganisha picha vimemwondolea mwanadamu sehemu ya kazi iliyokuwa ikimchosha, yaani kutafuta mahali penye tofauti katika mamilioni ya viraba. Sehemu iliyobaki, ambayo ni kuamua tofauti ipi ina maana na ni nani mwenye haki ya kuamua, haikupungua. Kwa lugha zilizoandaliwa vema sehemu hiyo ilikwisha kufanywa na wengine kabla ya chombo kutolewa. Kwa Kiswahili ingali yangoja wenyewe, na kazi ya kuanzia ni ndogo: ukurasa mmoja wa mtihani, uliotungwa vizuri, na mtu mmoja ajuaye kuusoma.